Bi Milimita na Mti Uliokula Mvua

Jina lake kamili, lile analotaka litajwe lote bila kukatwa mkia, ni Bi Milimita, binti wa Mchimba Mfereji, mjukuu wa Mama Sihami, mke wa marehemu Fundi Baiskeli. Na asitokee mtu wa kusema hayo si majina. Jina la kwenye kitambulisho mtu hupewa akiwa hajui hata kushika kijiko. Haya yalitafutwa kwa jasho.

Mama Sihami ndiye yule bibi aliyeambiwa na wakubwa wa enzi hizo kwamba mteremko wote unatakiwa upandwe miti ya mbao, watu washuke tambarare. Majirani walifunga mizigo. Yeye alikipindua kinu chake mlangoni, akakikalia, akasema, "Sihami." Walirudi mwezi uliofuata, wakamkuta pale pale. "Sihami." Misimu mitatu ilipita, wakubwa wakachoka kupanda kilima kwenda kusikia neno moja. Mbao hazikupandwa. Majirani walirudi mmoja mmoja, macho chini, wakiomba kuazima moto.

Mchimba Mfereji ni mwanawe. Yeye na wanaume wenzake arobaini na wawili waliuchimba mfereji kutoka kwenye chemchemi ya juu hadi mashamba ya chini, kwa sururu na majembe, mwaka mmoja na nusu. Palipokuwa na mwamba waliwasha moto juu yake siku nzima, kisha wakaumwagia maji baridi upasuke wenyewe. Ni hatua elfu sita na mia nne. Bi Milimita alizihesabu akiwa na miaka tisa, akimpelekea baba yake chakula, na alipofika alimwambia idadi kabla hajampa sahani. Baba akacheka: "Huyu atawatesa watu kwa hesabu." Na kweli amewatesa.

Alimaliza darasa la saba, hakuendelea. Alipofika miaka kumi na tisa akapata kazi ya uhudumu kwenye ofisi ya kilimo: kufagia, kuchemsha chai, kupeleka barua. Mwaka huo huo kipimo cha mvua kililetwa na kusimikwa uani pa ofisi. Kilikuwa mtungi wa shaba wenye mdomo wa mviringo na ukingo mkali kama kisu, ndani mna faneli na chupa. Asubuhi unaitoa chupa, unamimina maji kwenye kioo chembamba chenye mistari, unasoma. Kisheria kinasomwa saa tatu kamili, na saa tatu kamili bwana shamba wa kwanza alikuwa bado anatafuta soksi. Kwa hiyo alimfundisha mhudumu wake.

Alimfundisha vizuri lakini, tusimnyime haki yake. "Mstari mmoja, milimita moja," alimwambia. "Usome jicho likiwa sawa na maji, si kutoka juu kama kuku anayeangalia mdudu. Na kipimo kinataka kuona mbingu. Kitu chochote chenye kimo kikae mbali na kipimo mara mbili ya kimo chake. Ukuta, paa, hata wewe."

Yule binti akayameza maneno hayo kama dawa. Tangu hapo mtu akimwambia, "Leo mvua imetunyeshea kwelikweli," anajibiwa, "Milimita ngapi?" Akiambiwa mvua ilikuwa ndogo, "Milimita ngapi?" Hata siku ya harusi yake, shangazi alipomnong'oneza kwamba mvua ile ni baraka, bibi harusi aliinua kichwa akauliza idadi. Jina likamganda siku ile.

Mwaka wa tatu ikaja sera ya miti. Kila ofisi ya serikali ipande mti wa kivuli, na atakayeuacha ukauke aeleze kwa maandishi. Bwana shamba alimkabidhi mhudumu wake mche usiozidi urefu wa mwiko wa kusongea. Akaupanda uani, hatua sita kutoka kwenye kipimo. "Kimo cha mwiko mara mbili ni miiko miwili," bwana shamba alitania akipima kwa mguu. "Hatua sita ni zawadi." Wakacheka wote wawili. Hawa ndio watu waliojua kanuni kwa moyo kuliko wote katika wilaya nzima, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba mti hukua.

Zaidi ya hapo, kila asubuhi akishasoma kipimo, maji yale aliyamwaga kwenye shina la ule mche. Aliona uchungu kuyatupa. Mvua iliyokwisha kupimwa, iliyoandikwa, ina hadhi yake. Mche ukalelewa kwa milimita zilizohesabiwa, mpaka ukajifunza kunywa wenyewe.

Mwaka wa kumi na moja ndipo aliposhtuka. Usiku mvua ilipiga mpaka pipa la nyumbani likafurika, asubuhi kipimo cha ofisi kikasema nane. Nane! Aliinua uso akaona matawi yamekwisha kufika juu ya kipimo, majani yanadondosha matone pembeni kwa mwendo wa madaha, kama mtu aliyeshiba anayejifuta mdomo.

Alikwenda kwa bwana shamba, ambaye wakati huo alikuwa wa pili, mwenye pikipiki.

"Mzee, mti unakula mvua."

"Mti gani?"

"Huo ulioegeshea pikipiki yako."

Bwana shamba alitazama kivuli, akaitazama pikipiki, akaitazama tena pikipiki. "Kukata mti wa serikali kunataka kibali cha idara ya misitu," alisema. "Basi hamisha kipimo," alisema Bi Milimita. "Kipimo mahali pake pameandikwa kwenye rejesta ya makao makuu. Kukihamisha kunataka barua." Barua ikaandikwa. Misitu nao wakaandikiwa. Idara mbili, jengo moja huko mjini, na majibu hayajafika hadi leo. Mti hauondoki, kipimo hakihami. Hiyo ndiyo serikali yenye mikono miwili: mmoja unapanda, mwingine unapima, na haijapata kushikana hata siku ya salamu.

Sasa hapo mtu mwingine angenyoosha mikono. Bi Milimita aliinyoosha kwenda kwenye fomu. Kila mwisho wa mwezi fomu ya mvua ilipelekwa makao makuu, na safu yake ya mwisho imeandikwa MAELEZO. Watu wote huipigia kistari. Yeye aliandika: *Mti unakula mvua.* Mwezi uliofuata akaandika hivyo hivyo. Na uliofuata. Aliapa ataandika mpaka mtu asome.

Mwaka wa kumi na mbili kipimo cha zamani kilitoboka kitako, kikaletwa kipya na kusimikwa pale pale palipoandikwa kwenye rejesta, chini ya majani. Kile kibovu alikiomba, pamoja na kioo chake. Mumewe, Fundi Baiskeli, mtu wa maneno machache na vidole vyeusi, alikiziba kwa risasi ya kuyeyusha hata usione pa kuanzia. Wakakisimika nyumbani katikati ya uwanja, pasipo na mti wala ukuta wala paa karibu. Kila siku, saa tatu kamili, alikuwa anasoma cha ofisini. Cha nyumbani mumewe alimsomea, akamwandikia kwa penseli ya fundi. Fundi alipofariki akaendelea mwenyewe. Madaftari thelathini na manane, kila mwaka moja, yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, na panya anajua asipite hapo.

Alistaafu akiwa na miaka hamsini na mitano. Kazi ya kipimo akamrithisha tarishi wa ofisi, kijana wa wakati huo aliyeitwa Utaratibu, kwa sababu ukimuuliza lolote, hata kama kumekucha, atakujibu, "Kwa utaratibu, ndiyo." Alimfundisha kila kitu: jicho, kioo, saa tatu, fomu, safu hadi safu.

Nyumbani alibaki na mke wa kitindamimba wake, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mikono mizito kwa kazi. Vita yao ilikuwa moja tu: kamba ya nguo.

"Mama, uwanja wote huu jua linawaka, mimi ninaanika nguo nyuma ya banda kama mwizi!"

"Anika."

"Shuka za wanao zinanuka moshi."

"Shuka ina kimo gani ikining'inia?"

"Mama nawe! Shuka ni shuka."

"Kimo chake mara mbili. Hapo kamba yako haifai. Kipimo kinataka kuona mbingu, hakitaki kuona suruali za mwanangu."

Mkwe huondoka akibetua midomo. Lakini nguo haikuanikwa uwanjani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika sera mpya. Ilikuja na gari mbili, na karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Ramani ya rangi. Kanda ya Kwanza kijani, ya Pili njano, ya Tatu ya rangi ya kutu. Kilimo endelevu, maendeleo endelevu ya vijijini, kila kitu endelevu. Kijiji kilikuwa ndani ya kutu. Mgawa maji, mwanamume wa makamo ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga milango ya mfereji kwa zamu, alikuja na habari kwa Bi Milimita mchana huo huo. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Bi, sisi ni kame."

"Nani kame?"

"Sisi. Kanda ya Tatu. Imeandikwa mvua imepungua nusu kwa miaka hamsini. Kanda ya Tatu haipewi kibali cha mfereji, maji yanaachwa yashuke kwenye mashamba makubwa ya bondeni, wanasema ndiko yatakakotumika kwa tija. Sisi tutaletewa mtama na mbuzi. Mkutano ni kesho kutwa, mtaalamu wa makao makuu atasaini, na mwanzo wa msimu mlango mkuu unafungwa." Akafuta jasho. "Nina ufunguo wa mlango ule mfukoni, Bi. Nimeurithi kwa baba. Sasa nitafungulia nini?"

"Wamepima kwa kipimo kipi?"

"Kipimo cha ofisi, kipo kingine?"

Bi Milimita alicheka mpaka akakohoa, mkwe akaja mbio na maji. Akayanywa, akafuta macho, na alipomaliza kuyafuta kicheko hakikuwemo tena.

"Kaa kitako," alimwambia mgawa maji. "Ufunguo wako hauendi kokote. Mtama ni chakula chema na mbuzi sina ugomvi nao. Lakini mfereji wa baba yangu hautazibwa na kivuli."

Siku mbili zile aliyatoa madaftari yote, akayapanga kitandani kwa mfuatano. Mkwe alimsaidia, na kama kawaida yake hakunyamaza.

"Mama, mkutanoni si lazima useme ni nani aliyeupanda huo mti."

"Nimeupanda mimi."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia si lazima."

"Mwanangu, nikificha moja watatafuta la pili. Na wakilipata la pili hata kama halipo, madaftari yangu yote yatakuwa ya kuwashia moto."

Mkwe akaguna. "Haya. Lakini wakikucheka, mimi sipo."

"Utakuwepo. Wewe ndiye utakayebeba sanduku."

Alfajiri ya siku ya mkutano ilinyesha. Saa tatu kamili Bi Milimita alikuwa uwanjani na kioo mkononi. Alikiinua kwenye mwanga, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali.

"Ishirini na saba."

Mkwe alikuwa nyuma yake na ndoo ya maji machafu. Alichungulia juu ya bega. "Ishirini na mbili, Mama."

Jogoo wa jirani akawika kana kwamba ameulizwa yeye.

"Nimesema ishirini na mbili," alisema Bi Milimita.

"Ndiyo, Mama. Hivyo ndivyo ulivyosema."

Ikaandikwa ishirini na mbili. Walipofika ofisini, Utaratibu alikuwa ameshasoma cha kwake na kukiandika. "Tisa, Bi," alisema kwa adabu. "Kwa utaratibu."

Ukumbi wa ofisi una benchi kumi na madirisha mawili, moja halifunguki. Watu walijaa hadi mlangoni. Mbele alikaa mkuu wa ofisi, mtu mnene wa heshima, na pembeni yake mtaalamu wa makao makuu, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake vimepata matope na anavitazama kila dakika. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole, akaonyesha ukutani mchoro wa mvua ya miaka hamsini. Mstari ulitembea sawa miaka ya mwanzo, kisha ukaanza kuteremka, kuteremka, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka.

Bi Milimita alisimama.

"Bibi," mkuu wa ofisi aliwahi, "umri wako tunauheshimu. Lakini haya ni mambo ya kitaalamu."

"Umri sikuja nao. Umri nimeuacha nyumbani unachambua maharage. Nimekuja na milimita." Watu wakacheka. Akamgeukia kijana. "Mwanangu, huo mstari unaanza kushuka mwaka wa ngapi?"

Kijana akatazama. "Mwaka wa tisa, wa kumi hivi, tangu kituo kianze."

"Ugeuze juu chini."

"Samahani?"

"Hiyo karatasi. Igeuze juu chini, mgongo wake uje mbele, uishike kwenye mwanga wa dirisha, kisha uniambie unaona nini."

Kijana, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaitoa karatasi ukutani, akaigeuza, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Mstari sasa ulikuwa unapanda, taratibu, mwaka hadi mwaka.

"Huo si mstari wa mvua," alisema Bi Milimita. "Huo ni mti unakua. Twende nje nikuonyeshe."

Mkuu wa ofisi alisema ajenda haina kipengele cha kutoka nje. Lakini kijana alikuwa ameshasimama, na watu walishamfuata, na ajenda ikabaki ukumbini peke yake.

Uani, mti ulikuwa mnene kama nyumba. Kipimo kilikuwa chini yake, kimejikunyata kama kuku wakati wa mvua. Kijana aliinua uso, tone likamdondokea kwenye miwani. Akaivua, akaifuta, hakuivaa tena. Aliuliza umbali, Utaratibu akapima hatua sita. Aliuliza kimo, hakuna aliyehitaji kupima.

"Leo asubuhi?" aliuliza.

"Tisa," alisema Utaratibu.

"Kwangu ishirini na mbili," alisema Bi Milimita, "kwa kipimo hiki hiki cha serikali, mtungi wa zamani, kwenye uwanja mtupu. Mkwe, fungua sanduku."

Kijana akapekua madaftari, kwanza akisimama, kisha akachuchumaa, kisha akakaa chini kabisa na suruali yake nzuri. Mwaka kwa mwaka. Mvua ya uwanjani haikushuka nusu. Ilipanda na kushuka kama mvua za watu wengine.

"Nani aliupanda mti huu karibu na kituo?" aliuliza.

Mkuu wa ofisi alimtazama Utaratibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mwenye mshahara mdogo.

"Mimi," alisema Bi Milimita.

Minong'ono ikapita. Mkwe alifumba macho.

"Niliupanda mimi, kwa mikono hii, kwa amri ya sera. Ulikuwa kama mwiko. Nikaumwagilia kwa maji ya kipimo chenu kila asubuhi. Tukapima kimo chake cha siku ile, hatukupima cha kesho. Kosa ni langu na la bwana shamba wangu, naye ameshatangulia, kwa hiyo nilaumiwe mimi. Nimebeba mengi, hilo halinivunji mgongo."

"Basi umekiri!" Mkuu wa ofisi alipata nguvu. "Miaka yote hiyo, ukijua, hukutoa taarifa!"

"Utaratibu," aliita Bi Milimita bila hata kumgeukia mkuu. "Lete majalada ya fomu."

"Kwa utaratibu ninahitaji ruhusa ya—"

"Lete," alisema kijana wa makao makuu.

Majalada yalikuja na vumbi lake. Kijana akafungua la zamani, kidole chake kikakimbia hadi safu ya mwisho. *Mti unakula mvua.* Akafunua. *Mti unakula mvua.* Akafungua jalada la katikati. Akafungua la mwaka jana, la mwezi uliopita. Mwandiko ulibadilika, maneno hayakubadilika.

"Hii ya mwezi uliopita nani ameandika?"

"Mimi," alisema Utaratibu.

"Kwa hiyo nawe ulijua?"

"Hapana, bwana. Mimi nilifundishwa kujaza safu zote. Nilidhani hiyo ndiyo fomu inavyojazwa."

Kicheko kilichotoka hapo kilimtoa njiwa kwenye mti. Mkuu wa ofisi hakucheka. "Miaka kumi na minne unaandika kitu hujui maana yake?"

"Kwa utaratibu, mkuu," Utaratibu alisema, na sauti yake ikawa imepata uti wa mgongo kidogo. "Na wewe kila mwezi umetia sahihi chini yake."

Mgawa maji alilazimika kushikilia ukuta.

Kijana alikuwa bado akifunua majalada. Baadaye alieleza, na alieleza kwa aibu: makao makuu walipoziingiza fomu zote kwenye kompyuta, waliingiza namba tu. Safu ya maelezo haikuwa na mahali pa kukaa.

"Nitaandika kwamba kituo kinahitaji uchunguzi zaidi," alisema akijipangusa.

"Uchunguzi wa muda gani?"

"Msimu mmoja. Pengine miwili."

"Na mlango wa mfereji?"

"Kwa kipindi hicho… utafungwa kwa muda tu, Bibi."

Kwa muda tu. Bi Milimita aliyajua maneno hayo, yana ndugu zake wengi. Mfereji ukikauka msimu mmoja kuta zake hupasuka, panya huchimba, matope hujaa. Msimu wa pili unakuwa bonde la mchanga, na baada ya hapo mtaalamu mwingine atakuja kuandika kwamba mfereji hautumiki. Aliichukua ndoo ya kudekia iliyokuwa mlangoni mwa ofisi, akaenda nayo hadi kwenye geti, mbele ya gari la makao makuu, akaipindua, akaikalia.

"Mama, unafanya nini?" mkwe alimkimbilia.

"Sihami."

"Bibi, tafadhali," alisema mkuu wa ofisi, "gari linatakiwa mjini kabla ya saa kumi."

"Lipite. Njia ni pana, mimi ni mwembamba. Likipita lakini liniandikie kwenye safu ya maelezo."

Mkwe alisimama pale na sanduku la bati kichwani, akawatazama watu, akamtazama mama mkwe wake. Aliyesema wakimcheka yeye hayupo akalitua sanduku kando ya ndoo, akalikalia. Mgawa maji akaja akakaa kwenye jiwe. Baada ya hapo hakukuwa tena na geti, kulikuwa na watu.

Saa nane kasoro kijana alikuja na ramani yake. Aliikunjua kwenye boneti ya gari, akatoa kalamu, akapiga mstari kwenye ile kutu, na pembeni akaandika kwa mkono: takwimu za kituo hiki zisitumike tangu mwaka wa tisa, kibali cha mfereji kiendelee hadi kipimo kipya kisomwe miaka mitano mahali pa wazi. Akatia sahihi. Bi Milimita alimwambia asome kwa sauti, mara mbili. Kisha akainuka, akairudisha ndoo mahali pake, maana ndoo ni ya serikali.

Kijana aliomba madaftari aende nayo mjini.

"Hapana."

"Nitakupa hati ya kupokea."

"Mwanangu, fomu zangu za miaka ishirini na mitano mlizipokea vizuri sana. Njoo nyumbani unakili."

Alikuja. Alikaa siku mbili kwenye chumba cha mbele akipiga picha kila ukurasa kwa simu, mkwe akimfunulia. Kipimo cha ofisi kilihamishwa wiki iliyofuata hadi kwenye kiwanja kitupu nyuma, bila barua ya mtu yeyote. Mti haukukatwa, kosa halikuwa lake, na pikipiki zinahitaji kivuli. Mwisho wa mwezi Utaratibu alikuja mbio na fomu mkononi.

"Bi, sasa kwenye maelezo niandike nini?"

"Andika unachokiona, baba. Huo nao ni utaratibu."

Kijana alipokwisha kuondoka na picha zake, asubuhi iliyofuata, Bi Milimita alimkuta mkwe wake nyuma ya banda akikamua nguo. Alikuwa na kile kioo chembamba kwenye kitambaa, na daftari jipya, la thelathini na tisa, halijaandikwa kitu.

"Shika."

Mkwe alifuta mikono kwenye gauni. "Ya nini, Mama?"

"Unajua ya nini. Ishirini na saba na ishirini na mbili, tofauti yake mfereji mzima. Macho yangu yamefanya kazi yao."

"Mimi? Mimi wa kamba ya nguo?"

"Wewe uliyechungulia bila kutumwa. Saa tatu kamili. Si na dakika tano, mvua haikusubiri. Jicho liwe sawa na maji. Kitu kikiota karibu na kipimo, hata kama ni kidogo kama mwiko, usikipime kimo chake cha leo, kipime cha miaka ishirini ijayo. Wakija na sera nyingine, wape chai, wasikilize mpaka mwisho, kisha waulize wamepima kwa kipimo kipi."

Mkwe alikishika kioo kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

"Na kukiwa hakuna mvua?"

"Unaandika sifuri. Sifuri nayo ni kazi. Na ile safu ya mwisho ichore na humu, mwanangu, usiiache wazi hata siku moja. Haya, nenda. Saa tatu kasoro dakika mbili."